Mwaka wa Kwanza: C au Python?

MWALIMU WA CHUO: Msimamo wangu ni uleule. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza aanze na C. Akiandika kwenye C kwamba umri ni namba kamili, ameiagiza mashine itenge nafasi ya ukubwa fulani kwenye kumbukumbu, na nafasi hiyo ina mwisho. Akitaka orodha ya majina hamsini, lazima atamke hamsini. Akikosea, atajua. Kila mwaka napokea vijana waliojifundisha Python mtandaoni, wengine wana vyeti, na nikimuuliza mmoja wao kigeu chake kinakaa wapi, ananijibu kinakaa kwenye programu. Huyo hajajifunza msingi. Amejifunza kutumia.

MHANDISI WA PROGRAMU: Hapo kwenye "akikosea, atajua" umeteleza, Mwalimu wangu, na wewe ndiye uliyenifundisha. Ukitenga nafasi hamsini kwenye C kisha ukaandika jina la hamsini na moja, mara nyingi hakuna wa kukuzuia. Jina linakaa juu ya kitu kingine, programu inaendelea kama kawaida, na kosa linakuja kuonekana mahali pengine kabisa, pengine wiki ijayo. Python ingesimama palepale na kukutajia mstari. Halafu tazama somo la kwanza. Ili C itoe salamu moja tu kwenye skrini, mwanafunzi anaandika #include <stdio.h>, anaandika int main, anafungua mabano, printf, nukta mkato, return 0, anafunga mabano. Akiuliza int ni ya nini, anaambiwa iache kwanza. Akiuliza stdio ni nini, iache kwanza. Python ni mstari mmoja, na kila kilichomo kwenye mstari huo kinaelezeka asubuhi hiyohiyo.

MWALIMU WA CHUO: Ni kweli nasema "iache kwanza". Lakini mimi narudi. Nikifika kwenye funksheni narudi kwenye ile int, nikifika kwenye mafaili narudi kwenye #include. Ninyi mnasema iache, ikaachwa moja kwa moja.

MHANDISI WA PROGRAMU: Kwani msingi ni nini? Mimi naona ni vitu vichache: thamani na jina lake, kuchagua kwa sharti, kurudia, kuigawa kazi kubwa iwe funksheni ndogondogo, na kusoma ujumbe wa kosa ukajua unasema nini. Hivyo vipo kwenye kila lugha utakayoitaja. Aliyevishika kwa Python akienda kwenye JavaScript, Go au hiyo C yako, kinachobadilika ni maandishi tu.

MWALIMU WA CHUO: Maandishi tu? Haya. Kijana wako wa Python anakuja kwangu muhula wa pili. Anataka kuhakikisha kama jina lililoingizwa ni Asha. Anaandika if, anaandika jina, alama mbili za usawa, kisha "Asha", kama alivyozoea. Kompaila inaweza kumwonya lakini haimkatazi. Programu inaanza, Asha anaingiza jina lake, na anaambiwa siye. C haikulinganisha herufi. Imelinganisha anwani mbili za kumbukumbu, na anwani hizo ni tofauti hata kama herufi ni zilezile. Alitakiwa kuita strcmp. Hayo unayaita maandishi? Kijana huyu alinyimwa picha nzima ya mashine.

MHANDISI WA PROGRAMU: Na wa kwako akija kwangu? Nimewapokea ofisini. Nampa orodha ya miamala, namwambia achapishe mmoja mmoja. Anaunda kihesabio, anakianzisha sifuri, anapima urefu wa orodha, anachomoa muamala ulio kwenye nafasi hiyo, anaongeza moja, anapima tena. Python ilitaka aseme tu: kwa kila muamala ulio kwenye orodha. Ni C ileile kwa tahajia nyingine, na kumtoa huko ni kazi ya miezi. Mazoea ya lugha ya kwanza yanamsumbua kila mtu, Mwalimu, si watu wangu peke yao.

MWANAFUNZI: Naomba niingie hapo. Nyote wawili mnamzungumzia mwanafunzi mwenye kompyuta yake. Mimi nimeanza kwa simu. Unapakua Pydroid mara moja, baada ya hapo hata bando likiisha unaandika Python na inafanya kazi. C tuliifuata maabara, watu watatu kwenye mashine moja, umeme ukikatika mnarudi bwenini. Programu yangu ya mwanzo ilikuwa ya kumuuliza mtu umri. Nikaweka scanf, nikaweka jina la kigeu, nikaikimbiza, ikafa. Skrini ikaandika segmentation fault. Haikutaja mstari wala kigeu. Nilikesha na maneno hayo mawili. Kumbe nilisahau alama ya & mbele ya jina la kigeu.

MWALIMU WA CHUO: Alama hiyo moja ndiyo somo lenyewe, mwanangu. Scanf inahitaji anwani ya mahali pa kuweka jibu. Wewe uliipa thamani iliyokuwa ndani ya kigeu, takataka yoyote iliyokuwemo, nayo ikaichukua takataka ile kama anwani na kwenda kuandika mahali pasipo pake. Mfumo ukaizuia. Na ungeiwekea kompaila -Wall, ingekuonya kabla hujakesha.

MWANAFUNZI: Sasa nalielewa, Mwalimu. Wakati ule tulikuwa bado hatujafundishwa anwani. Nilipouliza ile alama ni ya nini, niliambiwa iache kwanza.

MHANDISI WA PROGRAMU: Ninyamaze hapo.

MWANAFUNZI: Usinyamaze, dada, maana hata wewe yako inakuja. Wenzangu walichofanya ni kushika desa. Walikariri programu nzima, pamoja na & yake, bila kujua inafanya nini, na mtihani wakafaulu. Mimi niliyekuwa nauliza nilipata sapu. Kwa hiyo mtu akiniambia C inamlazimisha mwanafunzi kuelewa, nawakumbuka hao.

MWALIMU WA CHUO: Kukariri hakuletwi na C. Hata ile kwa-kila-muamala wanaikariri.

MHANDISI WA PROGRAMU: Lakini kadiri sababu inavyochelewa ndivyo mtu anavyokariri zaidi. Na ugomvi huu ni wa zamani, Mwalimu. Mwaka 1964 pale Dartmouth, Marekani, John Kemeny na Thomas Kurtz walitengeneza BASIC ili hata mwanafunzi asiye wa sayansi aitumie kompyuta. Mwaka 1975 Edsger Dijkstra akaandika kwamba aliyepitia BASIC karibu haiwezekani tena kumfundisha kuprogramu vizuri. Mwaka huohuo Bill Gates na Paul Allen walikuwa wanauza bidhaa ya kwanza ya Microsoft: BASIC ya kompyuta ya Altair. Kizazi kilichodaiwa kuharibika ndicho kilichojenga nusu ya tunavyovitumia.

MWALIMU WA CHUO: Dijkstra alipenda kutia chumvi, sote tunajua. Lakini usinichagulie mpinzani dhaifu. Niklaus Wirth alitoa Pascal mwaka 1970 kwa ajili ya kufundishia, na aliifanya iwe kali kwa makusudi: tangaza kila kigeu, taja aina yake, kisha ndipo ukitumie. Lugha ya kufundishia si lazima iwe laini.

MHANDISI WA PROGRAMU: Na Python nayo ina damu ya ualimu. Guido van Rossum alikuwa kituo cha utafiti cha CWI, Amsterdam, alikofanya kazi kwenye ABC, lugha iliyobuniwa kwa watu wasio mafundi. Alianza Python likizo ya Krismasi ya 1989, akaitoa 1991, na mengi aliyachukua kwenye ABC, pamoja na ile kanuni ya kusogeza mistari ndani badala ya kuifungia kwenye mabano. Tazama na vyuo. MIT walifundisha lugha ya Scheme kwenye kozi yao ya utangulizi kwa zaidi ya miaka 20, kisha wakahamia Python. Philip Guo alipohesabu mwaka 2014, idara 27 kati ya 39 zinazoongoza Marekani zilikuwa zinafundisha Python kwenye masomo ya mwanzo.

MWALIMU WA CHUO: Kuhesabu vichwa si hoja. Harvard, kwenye kozi yao ya CS50, wanampitisha mtu kwenye Scratch, wanamtia kwenye C, na Python inakuja nyuma. Wanajua wanachofanya. Halafu umesema MIT walihama, hujasema kwa nini. Gerald Sussman, mmoja wa wenye kozi ile ya zamani, alieleza kwamba kazi ya mhandisi imebadilika: zamani ulijenga kwa vipande unavyovijua mpaka ndani, leo unachukua maktaba zilizoandikwa na wengine, unazichokonoa uone zinajibu nini. Sawa. Sasa anayechokonoa kitu asichokijua atakijuaje kimevunjika?

MHANDISI WA PROGRAMU: Kwa kukichokonoa. Ndiyo kazi ninayolipwa.

MWALIMU WA CHUO: Basi nikuchokonolee. Mwanafunzi, nasikia umewaandikia akina mama programu ya kikoba.

MWANAFUNZI: Ndiyo. Kwa Python, kwa simu. Michango, mikopo, riba, gawio la mwisho wa mwaka. Inafanya kazi.

MWALIMU WA CHUO: Gawio la mama mmoja likiwa shilingi 12 na nusu, ukaiamuru Python kwa round iifanye shilingi kamili, atapata ngapi?

MWANAFUNZI: 13.

MWALIMU WA CHUO: 12. Na mwenye 13 na nusu atapata 14. Python 3 nusu kamili inaipeleka kwenye namba shufwa iliyo karibu. Mama wa kwanza amepoteza nusu, wa pili amepewa nusu, na aliyeandika programu hana habari.

(Mwenye Python kwenye simu ajaribu round(12.5) kisha round(13.5) kabla ya kuchagua upande. Mimi, mwandishi, nilijaribu.)

MHANDISI WA PROGRAMU: Kanuni hiyo imeandikwa kwenye maelezo ya lugha, na ina sababu: ukipandisha kila nusu juu, jumla ya hesabu nyingi inavimba. Wahasibu wanaijua. Ila tatizo la kijana si round. Ni kuweka fedha kwenye desimali za kawaida. Ofisini tunaweka senti kwa namba kamili, au tunatumia Decimal.

MWALIMU WA CHUO: Na kwa nini desimali za kawaida hazifai? Mwambie. 0.1 ukijumlisha na 0.2 kwenye hiyo Python yako inatoka 0.30000000000000004. Hapo ndipo mtu anapohitaji kujua namba inavyokaa kwenye biti.

MHANDISI WA PROGRAMU: Mwalimu, hiyo ni kanuni ya IEEE 754, na C inafanya hesabu ileile kwa kosa lilelile! Ila ukichapisha kwa printf na %f ya kawaida, C inakukatia tarakimu sita na kukuonyesha 0.300000. Lugha unayosema haifichi kitu ndiyo iliyoficha. Python imemwonyesha kijana uchafu wote, akauliza.

MWALIMU WA CHUO: Nakupa hiyo. Sikupi namba kamili. Kwenye Python namba kamili haina mwisho. Inakua hadi kumbukumbu ijae. Mwanafunzi anazoea dunia isiyo na ukingo. Dunia ina ukingo: 2,147,483,647, hapo namba ya biti 32 yenye alama inaishia. Mwishoni mwa 2014 video ya "Gangnam Style" iliupita ukingo huo, na YouTube ikabidi ipanue kihesabio chake. Hilo lilikuwa la kuchekesha. Juni 4, 1996, roketi ya Ariane 5 ilijilipua muda usiofika dakika moja tangu iwashwe, kwa sababu kipimo cha biti 64 kililazimishwa kuingia kwenye nafasi ya biti 16.

MHANDISI WA PROGRAMU: Programu ya Ariane iliandikwa kwa Ada. Lugha kali kuliko C, iliyotengenezwa kwa ajili ya Wizara ya Ulinzi ya Marekani, na waandishi wake walijua biti kuliko mimi na wewe. Waliichukua sehemu ile kutoka Ariane 4, ambako kipimo hakikuwahi kuwa kikubwa hivyo, wakaamua hakihitaji ulinzi. Ukijua ukingo ulipo, bado unaweza kuuruka.

MWALIMU WA CHUO: Asiyeujua hata haamui. Anaanguka tu.

MHANDISI WA PROGRAMU: Basi tuzungumze kuanguka. Heartbleed, 2014. OpenSSL, programu ya C inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani, ilikuwa inamwamini mgeni akisema ujumbe wake una urefu fulani, bila kuupima. Mgeni anasema ni mrefu, anatuma mfupi, anarudishiwa vilivyokuwa jirani kwenye kumbukumbu, hata siri. Ndilo lile jina la hamsini na moja, safari hii kwa kusoma. Mwaka 2019 Microsoft walisema takriban asilimia 70 ya mianya ya usalama wanayoiziba kila mwaka inatokana na makosa ya kumbukumbu ya namna hii. Februari 2024 Ikulu ya Marekani ikatoa ripoti ikihimiza watu wahamie lugha zilizo salama kwa kumbukumbu. Na wewe unampa C mtoto aliyefika jana.

MWALIMU WA CHUO: Hiyo Python unayoniletea, ile inayotumiwa na watu wengi, imeandikwa kwa C. Kiini cha Linux ni C, na lugha ya Rust imeingizwa kidogo tu tangu toleo la 6.1 la Desemba 2022. Nani atavitunza hivyo, kama kila nchi itazalisha watumiaji? Sisi huku tumezoea kupokea. Simu tunapokea, mifumo ya benki tunapokea, na sasa mnataka hata darasa la kwanza la kompyuta liwe la kupokea. Heartbleed ilipatikana na watu wanaosoma C. Ilizibwa na watu wanaosoma C.

MHANDISI WA PROGRAMU: Hoja hiyo ina uzito, siwezi kuipuuza. Lakini unaipeleka kwa mtu wa wiki ya kwanza. Wanaotunza viini vya mifumo ni wachache kila mahali. Wewe unawachuja mia ili umpate mmoja, na tisini na tisa waliobaki hawakupewa kitu cha kuondoka nacho. Kwa Python mtu wa kilimo angeondoka na uwezo wa kuchambua takwimu zake za mavuno. Wa kikoba angeondoka na kikoba.

MWALIMU WA CHUO: Chenye gawio lisilo sahihi.

MWANAFUNZI: Gawio nitalirekebisha leo jioni, Mwalimu. Ningekuwa nimekariri desa la C, kusingekuwa na gawio la kurekebisha.

MHANDISI WA PROGRAMU: Umemsikia?

MWANAFUNZI: Nawe, dada, bado sijakufikia. Mnabishana lugha, mimi naona mtihani. Mwalimu anatuandikisha programu kwa kalamu kwenye karatasi, nukta mkato ikisahaulika alama inakatwa. Halafu ninyi wa ofisini, mnaosema mnachotaka ni mtu anayejua kutafuta na kuchokonoa, kwenye usaili mnatusimamisha ubaoni na kalamu, simu zimezimwa. Karatasi ya Mwalimu na ubao wako vina tofauti gani?

MHANDISI WA PROGRAMU: Ubaoni sikati alama ya nukta mkato.

MWANAFUNZI: Rafiki yangu mlimkata kwa kusahau jina la funksheni. Alikuwa anaijua kazi yake.

MWALIMU WA CHUO: Karatasi naitetea. Siku hizi mwanafunzi anaiambia ChatGPT iandike, inaandika, C au Python, haijali. Kwenye karatasi namtaka aikimbize programu kichwani: mstari huu, kigeu hiki kina ngapi, mstari unaofuata, kimekuwa ngapi. Anachora jedwali. Nikishindwa kuona hilo kwa mtu, hata akiniletea programu inayofanya kazi sijui kama ni yake.

MHANDISI WA PROGRAMU: Jedwali nakubali. Hata mimi ubaoni nalitafuta. Nukta mkato iondoke.

MWALIMU WA CHUO: Na kwenye jedwali mtaandika nini? Niwape la Python. Orodha a ina 1, 2, 3. Mstari wa pili, b ni a. Mstari wa tatu, kwenye b ongeza 4. Mstari wa nne, chapisha a. Mwanafunzi?

MWANAFUNZI: 1, 2, 3, 4.

MWALIMU WA CHUO: Wengi wangesema 1, 2, 3. Umejuaje?

MWANAFUNZI: Ilinitokea. Nilitaka nakala ya orodha ya wanachama nifanyie majaribio, nikaandika b ni a, nikafuta watu kwenye b. Wakafutika kote. Nikajua ni orodha moja yenye majina mawili.

MHANDISI WA PROGRAMU: Python ndiyo iliyomfundisha.

MWALIMU WA CHUO: Ilimwonyesha. Kwa nini ni orodha moja?

MWANAFUNZI: Hiyo nilikuja kuielewa kwenye C, tulipofika kwenye pointa. Majina yote mawili yameshika anwani moja.

MWALIMU WA CHUO: Basi.

MWANAFUNZI: Si basi, Mwalimu. Kikoba ndicho kilichonifanya nirudi kufanya sapu. Bila hicho nisingefika kwenye pointa, ningekuwa nimeshadisko.

MHANDISI WA PROGRAMU: Kwa hiyo Python muhula wa kwanza, C muhula wa pili. Mtaala ubadilishwe.

MWALIMU WA CHUO: Usinifungie kikao. Muhula wa pili ni miundo ya data, na haifundishiki kwa mtu ambaye wiki ya kwanza anakutana na anwani. Ukiweka Python mbele, kuna kitu nyuma kinaondoka. Sema ni kipi.

MHANDISI WA PROGRAMU: Punguza Python iwe wiki nane. Zilizobaki mwishoni mwa muhula ziwe za C: aina, safu, pointa.

MWALIMU WA CHUO: Pointa kwa wiki ngapi?

MHANDISI WA PROGRAMU: Tatu.

MWALIMU WA CHUO: Tano, na Python iwe sita.

MWANAFUNZI: Na maabara bado mashine moja watu watatu?

MWALIMU WA CHUO: Hilo liko kwenye bajeti, si kwenye mtaala.

MHANDISI WA PROGRAMU: Liandike kwenye mtaala, Mwalimu. Pointa nne.